Kidirisha Kilichonyamaza

Asubuhi hiyo Glorious Ndunguru alikuwa anaitukana kompyuta, na stendi nzima ya Mbinga ilimsikia.

Ilikuwa Julai, baridi ya milimani inauma mpaka kwenye meno. Wapiga debe wa magari ya Songea walikuwa wanapayuka, makuli wanavuta magunia ya kahawa, akina mama wanauza chai na vitumbua vya moto. Katika steshenari yake, iliyobanana na duka la vitenge la Rukia, Glorious alisimama mbele ya kompyuta mikono kiunoni. Sweta jekundu, gauni la kitenge cha njano, nywele zimesukwa kwenda nyuma. Alikuwa mzuri, na hasira zilimfanya azidi.

"Aliyetengeneza hiki kitu hakulelewa!" alifoka. "Unaandika, unabonyeza, kinajifunga. Kimehifadhi? Kimetupa? Hakisemi! Na maelezo hayapo, hata mstari mmoja!"

"Dada, unatumia Chapu?" sauti iliuliza kutoka mlangoni.

"Naitumia au inanitumia, sijui. Kwani unaijua?"

"Naijua. Huyo ambaye hakulelewa ni mimi."

Glorious aligeuka. Kijana mrefu, koti la kijani limelowa manyunyu, viatu vina mchanga wa ziwani, mkononi ameshika flashi ya kuchapisha. Aliitwa Dastan, wa Liuli kule ziwani, na kweli ndiye aliyeitengeneza Chapu. Ilikuwa kidirisha kidogo ndani ya programu ya bure ya kuandikia, ambayo watu wengi wa huko walikuwa nayo. Uko katikati ya barua ya mteja, unakumbuka kwamba wino wa printa umekwisha. Unabonyeza, kidirisha kinafunguka juu ya barua, unaandika neno lako, unabonyeza tena, kinajifunga. Neno limekwenda kwenye faili la kumbukumbu na wewe umerudi pale pale kwenye barua. Kitu kizuri kabisa, kwa mtu anayejua vitufe vyake.

"Maelezo yako wapi?" Glorious aliuliza, bila hata kuona haya.

"Chombo kikiwa kizuri hakihitaji maelezo."

"Nani amekudanganya?"

Rukia alichungulia kwa kucheka. "Kaka, omba radhi uende zako. Huyu ukimjibu mnakesha."

Dastan hakwenda zake. Alivuta kiti akamwonyesha: F8 kuhifadhi, F9 kutupa. Glorious akajaribu, akauliza, akajaribu tena, akamkatiza mara kadhaa. Mwishowe kijana alisema, "Basi yaandike wewe hayo maelezo. Mimi nikiandika, naelewa mwenyewe tu." Na hapo ndipo yote yalipoanzia.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Mama Maelezo, umeamka?"

"Nimeamka na wewe kichwani. Nimemkalisha Rukia kwenye kompyuta, nikamsomea hatua ya nne, akaizima mashine yote. Kwa hiyo hatua ya nne ni mbovu, naiandika upya."

"Mbovu ni Rukia."

"Nimekusikia!" Rukia alipiga kelele kwa nyuma.

Hivyo ndivyo Glorious alivyofanya kazi. Hakuandika hatua ambayo hajamwona mtu akiifuata kwa vidole vyake. Wateja waliosubiri fotokopi aliwakalisha mbele ya kompyuta na kuwasomea, na walipokosea alilaumu sentensi, hakumlaumu mteja. Dastan alipokuwa anapanda kutoka Liuli alimkuta amezungukwa na watu, akasimama mlangoni akimtazama kwa mapenzi yaliyomjaa usoni.

Jumapili moja Glorious alishuka naye Liuli. Walikula ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma, miguu yao kwenye maji, gauni lake jeupe amelikunja mpaka magotini.

"Kahawa ikishauzwa nitatuma mshenga kijijini kwenu Ukata, kwa baba yako," Dastan alisema. "Ila mimi Mwanglikana, ninyi Wakatoliki. Atasemaje?"

"Atasema mengi. Wewe tuma tu." Kisha, kwa kuwa ndiye Glorious, akaongeza, "Na hicho kidirisha chako kitasema lini? Kikihifadhi kinajifunga kimya, kikitupa kinajifunga kimya. Mtu atajuaje?"

"Mpenzi, kelele za nini? Mtu amebonyeza, si anajua alichobonyeza."

"Sawasawa na wewe mwenyewe. Ukifurahi unanyamaza, ukinuna unanyamaza."

Dastan alinyamaza. Laiti angejibu siku ile! Lakini alikuwa mtu wa kuona jambo dogo ni dogo mpaka limwangukie.

Maelezo yalitoka, karatasi moja, pande zote mbili. Yalibandikwa madukani, shuleni na kwenye ofisi, kuanzia Mbinga mpaka Lundo. Chini kabisa paliandikwa: *Yameandikwa na Glorious Ndunguru, Stendi, Mbinga.* Hakuwa na shamba la kahawa wala gari. Alichokuwa nacho ni jina. Watu walisema karatasi ikitoka kwa Glorious huna haja ya kuisoma mara mbili, na kwa neno hilo alikula, akavaa na kulipa pango.

Mwezi wa kumi, Mwalimu Notburga aliingia steshenari amejitanda khanga nyeusi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Ukata, ndiye aliyemfundisha Glorious kusoma.

"Shikamoo Mwalimu. Pole kwa msiba wa bibi."

"Marahaba." Hakukaa. Aliweka ile karatasi mezani, imekunjwa vizuri kama alivyopewa. "Mama yangu alipokuwa kitandani alikuwa ananiimbia wimbo wa harusi wa kwao, wa Kimatengo. Alikuwa wa mwisho kuujua wote. Kila alipopata nguvu ya ubeti nilifungua hicho kidirisha, nikaandika, nikabonyeza F8 kama ulivyoniandikia. Jana nimefungua faili nichapishe. Hakuna kitu, Glorious. Jeupe."

Glorious alikaa kwenye kompyuta yake, ambayo siku zote aliichelewesha kupokea matoleo mapya ili kuokoa bando. Akaruhusu toleo jipya liingie. Akaandika neno moja kwenye kidirisha, akabonyeza F8. Kikajifunga kimya. Akafungua faili. Neno halikuwamo. Damu ilimpanda kichwani, akachukua simu hapo hapo, mbele ya Mwalimu.

"Mama Maelezo wangu..."

"Umebadilisha vitufe?"

"Aa, ndiyo. Mwezi uliopita. Sehemu nyingine za programu zinatumia F9 kuhifadhi, wenzangu wanaoitengeneza wakasema tufanane. Nikavigeuza."

"Ulimwambia nani?"

"Niliandika kwenye taarifa ya toleo."

"Ile ya Kiingereza? Anayoisoma nani, Dastan? Samaki?"

"Glorious, nilidhani..."

"Hapana! Mimi nimeandika F8! Nimewakalisha watu hapa mmoja mmoja nikawaambia F8! Wamefanya nilivyowaambia, na kila wanalohifadhi linatupwa! Mwalimu Notburga amesimama hapa, wimbo wa marehemu mama yake wewe umeutupa, na mkono uliotumika kuutupa ni wangu!"

Alikata simu. Rukia, aliyekuwa mlangoni muda wote, alisogea taratibu na simu yake. "Shoga, usinipige. Tazama kundi la watumiaji, alichokituma juzi."

Glorious alisoma. *Ndugu watumiaji, karatasi ya maelezo ina kosa. Kuhifadhi ni F9, siyo F8. Samahani kwa usumbufu.*

Juzi! Kwa hiyo alijua. Alijua, akaisingizia karatasi, na karatasi ina jina la mtu. Hata mimi ninayesimulia nikifika hapa natamani kumkamata Dastan koti lile la kijani na kumtikisa. Glorious hakulia. Alivua sweta, akafunga duka mchana kweupe, akaanza kubandua karatasi zake duka hadi duka, na katika kila duka alimkuta wa kumuuliza.

"Glorious, kumbe na wewe unakosea?" alisema muuza dawa, kwa utani. Utani ule ulimchoma kuliko tusi.

Simu ya Dastan aliifungia. Dastan akampigia kupitia simu ya Rukia.

"Niliposema karatasi sikukutaja wewe," alianza.

"Chini ya karatasi kuna jina la nani?"

"Lako."

"Na aliyebadilisha vitufe ni nani?"

"Mimi. Niliogopa. Watu walianza kulalamika, nikaona nikisema ni mimi wataikimbia Chapu. Nilitaka kukueleza uso kwa uso."

"Uliogopa watu waikimbie Chapu. Wanikimbie mimi, sawa tu!"

"Glorious, nakupenda."

"Usiniletee hayo saa hizi. Mshenga wako asikanyage Ukata. Wewe mwenyewe ndiye utakwenda, kwa Mwalimu, umtazame machoni. Ukirudi hai, tutaona kama nitakusikiliza."

Dastan alikwenda. Kwa bodaboda, kwenye matope, hana cha kujitetea. Mwalimu Notburga alimpokea kibarazani bila tabasamu wala chai.

"Unaweza kuurudisha?"

"Hapana, Mwalimu. Kilichotupwa hakikuandikwa popote. Kosa ni langu, halikuwa la karatasi. Glorious aliandika sahihi, mimi nikageuza vitufe bila kumwambia, kisha nikamwachia lawama."

"Kaa chini. Andika."

Mwalimu aliimba alichokikumbuka, na Dastan, ambaye Kimatengo alikisikia kwa shida, aliandika neno baada ya neno, akikosea anagombezwa, anaandika tena. Ubeti wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka. Wa tatu Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga, machozi yakamtoka.

"Wa nne ninao, lakini huu aliuimba mara moja tu," alisema. "Nilijua nimeuhifadhi." Alijifuta kwa khanga. "Sasa nisikilize. Huu ni wimbo wa kumpeleka bibi harusi. Msichana akikusamehe, hilo ni lake. Lakini siku utakayooa, iwe naye au na mwingine, nitakuja kuuimba. Nikifika ubeti wa tatu nitanyamaza, na wewe utasimama mbele ya watu uusikilize ukimya wako."

"Nimekubali, Mwalimu."

Wiki iliyofuata, stendi imejaa, Dastan alisimama kwenye mlango wa steshenari, amekonda, koti lile lile. Rukia aliacha wateja wake akaja kusikiliza bila aibu. Kwenye ukuta wa mbele karatasi zilikuwa zimebandikwa tena, zile zile za Glorious, na pembeni ya kila moja kijikaratasi kimeandikwa kwa kalamu nene: *Karatasi hii ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi, Dastan, mtengenezaji.*

"Umezibandika za nini?" Glorious alifoka. "F8 bado inatupa!"

"Haitupi. Pokea toleo jipya."

"Umevigeuza tena?"

"Nimevirudisha kama ulivyoandika. Wenzangu wamekuja juu, wamesema karatasi huchapwa upya, programu haipindishwi kwa ajili ya karatasi. Nikawaambia hii itapindishwa. Na sitagusa kitufe tena kabla hujakijaribu na wateja wako."

Mteja aliyekuwa anasubiri barua ya maombi ya kazi alikohoa. Hakuna aliyemjali. Glorious alipokea toleo jipya, akakaa, akaandika kidirishani *wino umekwisha*, akabonyeza F8. Safari hii kidirisha hakikukimbia. Kilibaki kidogo, kikaandika: *Nimehifadhi.* Akajaribu F9. *Nimetupa. Unataka nikirudishe?*

Alitazama maneno yale kwa muda. "Kumbe kilikuwa kinaweza kusema."

"Kilikuwa kinaweza," Dastan alisema. "Mwenyewe ndiye aliyekuwa hasemi."

"Na kwenye kundi?"

"Nimeandika kila kitu. Wengine wameondoka. Waende." Aliinama juu ya kibodi. "Naomba niandike neno moja."

Juu ya barua ya maombi ya kazi ya mtu wa watu kidirisha kilifunguka tena. Dastan aliandika polepole: *Glorious, bado natamani kutuma mshenga Ukata. Niruhusu.* Kisha akarudi nyuma, akaweka mikono mfukoni.

"Bonyeza wewe," alisema.

Glorious alisogeza kidole. Kikatua juu ya F9. Kikakaa hapo. Rukia alishika kichwa. "Mungu wangu, Glorious!" Jasho lilimtoka Dastan, na Glorious alilitazama likishuka mpaka shingoni, akaliacha lishuke.

Halafu akabonyeza F8.

*Nimehifadhi.*

Rukia alipiga vigelegele mpaka wapiga debe wakageuka. Dastan alinyoosha mikono kumkumbatia, akazuiwa na kiganja kifuani.

"Nimekubali," Glorious alisema, "lakini bado nimekasirika. Nitakasirika mpaka nichoke, na wewe utakuwepo. Sasa ondoka kwenye mwanga, mteja anasubiri barua yake."

Wakaoana, kule Ukata, baada ya mzee Ndunguru kusema mengi kama ilivyotarajiwa. Glorious alivaa gauni jeupe la mikono mirefu, Dastan suti ya kijivu ya kuazima. Mwalimu Notburga alisimama mbele ya watu, akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, kisha akanyamaza. Wageni walitazamana, watoto wakaulizana. Dastan alisimama wima na kusikiliza, macho yamemlowa, na Glorious akamshika mkono akauminya kwa nguvu zake zote, kwa hasira, mpaka vidole vikamuuma, na hakumwachia mpaka Mwalimu alipoanza ubeti wa nne.