Damu ya Kweli Kwenye Kipindi cha Halloween

"Cheka," Lemburis alimwambia, mkono wake ukiwa bado shingoni mwa Naipanoi. "Ukitoka humu umenuna, leo nakumaliza."

Alikuwa amembana ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Damu ilimtiririka Naipanoi kutoka juu ya jicho la kushoto, pale pete ya Lemburis, mchumba wake, ilipompasua. Kosa lake? Alikuwa amecheka na Nasri, fundi wa sauti, walipokuwa wakinywa chai.

Wote watatu walifanya kazi kwenye tamthilia ya vichekesho kuhusu ofisi moja ya utalii Arusha, iliyokuwa ikirekodiwa kwenye nyumba ya kupanga kule Engutoto. Lemburis aliigiza bosi, Naipanoi akaigiza binti wa mapokezi. Watazamaji walimpenda sana yule bosi mchekeshaji. Mitandaoni walimwita Naipanoi mwanamke mwenye bahati.

Siku hiyo walikuwa wanarekodi kipindi cha Halloween. Kwenye hadithi, bosi anasikia kwamba watalii wake wana sikukuu ya kuvaa kama mizimu, basi anawaamuru wafanyakazi wote waje kazini wakiwa wafu. Kwa hiyo nyumba nzima ilijaa vinyago, sanda na damu ya rangi.

Naipanoi alipotoka chumbani, watu walimsifu. Mpiga picha alisema kidonda kile kimetengenezwa kikatengenezeka. Ndeshi, mama aliyekuwa mwongozaji, alimgeuza uso kwenye taa akaridhika, akasema Zamda wa vipodozi safari hii kajipita mwenyewe. Naipanoi akatabasamu kama alivyoamriwa.

Nasri ndiye aliyekuja kumbandika kipaza sauti kwenye ukosi wa gauni. Mikono yake ilikuwa mepesi kama siku zote, ila ghafla ikasimama.

"Rangi ya Zamda huwa inakauka," alisema taratibu. "Hii inatiririka."

"Fanya kazi yako, Nasri."

"Nani kakupiga?"

"Nakuomba. Anatuangalia."

Kweli, Lemburis alikuwa ng'ambo ya chumba, kinyago cha fuvu mkononi, macho hayabanduki kwao. Nasri akarudi kwenye mitambo yake, akavaa vifaa vyake vya masikioni.

Tukio lenyewe lilikuwa jepesi. Bosi anajificha nyuma ya kabati la mafaili, anaruka akiwa amevaa fuvu, anamkaba binti wa mapokezi kwa mzaha, binti anapiga kelele, wageni wanakimbia. Ndeshi akaruhusu kamera.

Lemburis akaruka. Vidole vyake vilipofika shingoni, Naipanoi alijua hapohapo kwamba mzaha haupo. Pumzi ilikatika. Alimpigapiga mikononi, akarusha miguu, akaangusha simu ya mezani, na kila alivyohangaika ndivyo watu nyuma ya kamera walivyozidi kuziba midomo wasisikike wakicheka. Ndani ya fuvu Lemburis alinong'ona, kwa sauti ambayo chumbani hakuna aliyeisikia.

"Umemwambia nini yule? Nakumaliza wewe kwanza. Halafu yeye."

Chumbani hakuna aliyesikia, ila masikioni mwa Nasri yaliingia yote.

Alivirusha vifaa vyake chini, akapita katikati ya kamera na kumvuta Lemburis shingoni. Walianguka juu ya meza, meza ikavunjika. Lemburis alikuwa mkubwa na mwenye nguvu. Alinyanyuka wa kwanza, akang'oa stendi ya taa, akamshushia Nasri begani. Mfupa ulilia. Akampiga tena, safari hii kichwani, na Nasri akalala sakafuni, sikio limejaa damu. Watu waliganda. Wengine bado walidhani imo kwenye hadithi.

Stendi ilipopanda mara ya tatu, Naipanoi alikuwa amepata pumzi. Kando yake kulikuwa na chupa ya chai, ile kubwa ya chuma. Aliikamata kwa mikono miwili akampiga nayo Lemburis usoni. Kinyago kilipasuka, na pua iliyokuwa ndani yake pia. Lemburis alipopiga magoti akampiga ya pili, na angeongeza kama Zamda asingemkumbatia kwa nyuma. Ndipo wanaume wakamrukia Lemburis na kumfunga kwa nyaya za taa.

"Tulikuwa tunaigiza," Lemburis alisema huku akitema damu. "Huyo mshenzi amenivamia kazini. Muulizeni mchumba wangu."

Wote wakamgeukia Naipanoi. Zamda akachovya kitambaa kwenye maji, akamfuta juu ya jicho. Rangi haikutoka. Kilichotoka ni damu, nayo iliendelea kutoka.

"Mimi uso wake sikuugusa leo," Zamda alisema. "Aliniambia kajipaka mwenyewe."

Ndeshi akaenda kwenye mitambo, akarudisha sauti nyuma na kuifungulia. Chumba kizima kikamsikia Lemburis akimnong'oneza mchumba wake kwamba atamuua.

Polisi walimchukua saa hiyohiyo. Jioni, kwenye simu ya Naipanoi ukaingia ujumbe kutoka kwa Lemburis, aliyeazima simu kituoni: "Mke wangu, futa kesi. Shetani alinipitia. Nakupenda."

Akajibu: "Mimi si mke wako." Akaizuia ile namba.

Hofu yake ilikuwa kwa baba, Mzee Sankale, kule Nduruma. Yeye na wazee wa kina Lemburis ndio waliopatana mahari, na ng'ombe walikwishafika. Mzee alipopiga simu, akaipokea hapohapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeambiwa. Ng'ombe wao nimeshawatoa zizini warudi kwao. Wewe njoo nyumbani, mama."

Hapo ndipo Naipanoi alipolia, kwa mara ya kwanza siku ile.

Kabla ya kwenda Nduruma alipita hospitali. Nasri alikuwa amefungwa bega na kichwa, midomo imevimba.

"Nilikupenda kabla ya leo," alisema.

"Najua. Ila usiniombe kitu sasa, Nasri. Mlango ukigongwa tu nashtuka."

"Siombi. Nilitaka ujue."

Hakuomba kweli. Kesi ikaenda, Lemburis akafungwa, bega la Nasri likaunga likiwa limepinda kidogo. Nasri alimtembelea Naipanoi kule Nduruma, akakaa na Mzee Sankale kuzungumzia mahindi, akaondoka. Siku moja Naipanoi mwenyewe ndiye aliyempigia simu akamwambia amlete mama yake kutoka Kaloleni aje kuposa.

Kwa kuwa Naipanoi ni Mlutheri na Nasri Mwislamu, walifungia ndoa bomani, kwenye ofisi ya serikali. Afisa aliwatazama juu ya miwani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwishauliza watu wengi.

"Naipanoi Sankale, unaolewa kwa hiari yako?"

Katika uchumba wa kwanza hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Tafadhali niulize tena," alimwambia afisa.

Nasri akamtazama kwa wasiwasi. Afisa akauliza tena.

"Ndiyo. Kwa hiari yangu."