Mkono Usiobusiwa

Bi Hajrabai, jirani yetu wa mlango wa pili hapa mtaa wa Kuze, aliapa kwamba aliyaona kwa macho yake. Alisema alikuwa akipita Kizingo kwenda kumjulia hali nduguye, akamkuta bibi yetu, Mwanakuu, amesimama kwenye lango la Kijiji cha Kiingereza, buibui limerowa kwa mvua, kikapu cha mahamri mkononi. Mdogo wangu Mwanaesha akaja langoni, akamtazama bibi yake juu hadi chini, akasema maneno ya Kizungu, kisha akageuka akaenda zake.

"Alimwambia askari wa lango amfukuze, kama afukuzwavyo mwombaji," alisema Bi Hajrabai.

"Kwani wewe Kiingereza unakijua?" mama alimwuliza huku akiendelea kupepeta mchele.

"Sikijui. Lakini mtu akikupa mgongo, hiyo naijua."

Chumbani bibi alikuwa akikohoa. Ilikuwa siku ya nne amelala na homa. Daktari alikwishakuja, akasema ni mapafu. Tangu arudi kutoka Kizingo akiwa amelowa chapachapa, bibi hakutaja lolote juu ya safari ile, na mimi niliyekuwa nikimnywesha uji sikuthubutu kumwuliza.

Kijiji chenyewe hakikuwa kijiji cha kweli. Mwalimu Joab na wenzake walijenga vibanda vya mbao katika uwanja wa nyumba moja kubwa, wakaviita duka, posta na mkahawa, vifanane na vya Uingereza. Hata meko ya kuotea moto waliyachora ukutani, na watoto waliketi mbele yake jasho likiwatiririka. Katika likizo ile ya Aprili, mwaka wa 1966, wanafunzi wa darasa la saba walikaa humo wiki tatu wakinunua mkate, wakituma barua na kujuliana hali kwa Kiingereza kitupu. Aliyeteleza akasema neno la Kiswahili alivishwa kibao shingoni, na akivishwa mara ya tatu alirudishwa kwao. Aliyemaliza alipewa barua ya sifa ya kupeleka shule ya sekondari.

Ami yetu Kamaludin hakutaka Mwanaesha aende. "Msichana wa miaka kumi na mitatu akalale Kizingo?" alisema. Bibi ndiye aliyemkatiza. "Dada yake mlimtoa shule baada ya msingi, nikanyamaza. Kwa huyu sinyamazi." Dada yake ndiye mimi.

Mwanaesha alirudi Jumamosi. Mwalimu Joab alikuwa akiwafikisha watoto kwao, na kwetu aliingia ukumbini akakaribishwa kahawa.

"Mama, mtoto wako amefanya vizuri sana," alisema. "Alivishwa kibao mara mbili, lakini cha tatu hakikumpata. Barua yake hii hapa."

Bibi akakohoa chumbani, kikohozi kirefu. Mwanaesha aliinamisha kichwa.

"Ni nani anayeumwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bibi yako," alisema mama. "Alinyeshewa alipokwenda kukutazama. Na Bi Hajrabai asema ulimfukuza."

"Sikumfukuza, mama." Machozi yalianza kumtoka. "Lakini sikumbusu mkono."

"Sema yote."

"Kibao cha kwanza, siafu aliniuma nikasema uwi, mama yangu. Cha pili, nilisema bismillahi mezani. Nikawaambia hicho si Kiswahili. Gharib, mwanafunzi mwenzetu aliyeshika kibao, akasema, 'Wala si Kiingereza,' wote wakacheka, nikavishwa. Siku aliyokuja bibi, Gharib alinifuata mpaka langoni, kibao mkononi, ananingoja niteleze. Bibi alininyoshea mkono akasema, 'Hujambo, mjukuu wangu?' Mimi nikamwamkia kwa Kiingereza, nimesimama mbali. Gharib akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni mwanamke mmoja wa mtaani kwetu. Kisha nikarudi ndani. Kikapu sikukipokea."

Mama alinigeukia akasema polepole, "Bi Hajrabai katia chumvi, lakini mchuzi ulikuwapo."

Mwalimu Joab aliweka kikombe chini. "Mwanaesha, sheria ya kibao niliiweka kwa ajili ya ulimi. Kumbusu bibi yako mkono kulihitaji lugha gani?"

"Hakuna, mwalimu."

"Na ungeniuliza, ningekuruhusu uzungumze naye utakavyo. Hukuniuliza kwa sababu niliwatisha mno na kile kibao. Hilo ni kosa langu, na wenzako nitawaambia. Lakini kumwita bibi yako mwanamke wa mtaani, hilo ni lako. Hakuna aliyekulazimisha."

"Nilidhani nikirudishwa, bibi ndiye atakayeumia zaidi."

"Basi tazama ni nani aliyeumia." Alisema hivyo bila ukali, kisha akamsogezea ile barua. "Ichukue, umeifanyia kazi. Soma Kiingereza, usome sana. Lugha mpya ni ya kukuongezea watu, si ya kukupunguzia wa kwenu. Ukiona inakutaka umkane mtu wako, jua hapo si lugha tena, ni woga. Haya, ingia kwa bibi yako."

Mwanaesha aliiacha barua mezani. Mimi nilimfuata na bakuli la uji, nikasimama mlangoni.

Bibi alikuwa macho. Mwanaesha alipiga magoti kando ya kitanda, akamweleza yote bila kujitetea, hata yale maneno ya Kiingereza ambayo bibi asingeyafahamu kamwe kama si yeye kumtafsiria. Alipofika penye "mwanamke wa mtaani" alikwama, halafu akayasema. Kisha akaushika mkono wa bibi, akaubusu.

"Una moto, bibi," alisema.

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Halafu macho yake yakahamia kwenye boriti za dari, yakatulia huko, kifua kikipanda na kushuka kwa taabu. Sikuweza kujua kama alikuwa amechoka, au alikuwa akifikiri, au hakutaka kusema. Uji ulianza kupoa mkononi mwangu.

Mwanaesha alingoja. Kisha akasema, taratibu, kwa Kiswahili cha kwetu:

"Bibi, niwie radhi."