Somo la Eiti, Ghorofa ya Nne

Stendi ya mabasi ya Kaunas ilifurika watu wa Ijumaa. Zurab, fundi magari kutoka Georgia, alimwambia mkata tiketi kwamba anakwenda Klaipėda kwa miguu. Foleni ikacheka. Nyuma yake, ndani ya koti jekundu, kikapu cha uyoga mkononi, Vilmantė naye kicheko kikamponyoka.

"Kaka, utafika mwakani. Umesema *eiti*, na kwa lugha yetu huko ni kwenda kwa miguu. La gari lina neno lake."

"Basi nifundishe, dada. Miguu hii haina ubavu huo."

Akamfundisha majira yote ya baridi, jikoni kwao, ghorofa ya nne isiyo na lifti. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Chumba cha pili alilala Danguolė, mama yake Vilmantė, mwenye nyonga mbovu, ambaye hakuwa ameshuka ngazi zile tangu afiwe na mumewe.

Zurab alipopata kazi Klaipėda, alimpigia Vilmantė simu.

"Njoo tuishi wote, kipenzi."

"Na mama nimwachie nani?"

"Njoo naye."

"Hawezi ngazi, Zurab. Usinitese."

"Sema tu hunitaki."

Zurab akakata simu. Vilmantė akabaki anatazamana na ukuta, nyumba ikimbana hadi pumzi. Aliwapenda wote wawili, na alianza kuwachukia wote wawili.

Jumapili Zurab akabisha hodi, kanyoa ndevu, shati limenyooka kwa pasi.

"Nimekuja kukuomba radhi. Halafu naondoka."

Kabla Vilmantė hajajibu, sauti ikatoka chumbani.

"We kijana, baridi yote umeimba jikoni kwangu: naenda, unaenda, tunaenda. Nasikia yote. Mbona hakuna aliyeniuliza kama na mimi nataka kwenda?"

Vilmantė akaduwaa. "Mama, zile ngazi…"

"Umezikataa wewe, mwanangu, mimi sijazikataa. Na mgongo wa huyu una kazi gani?"

Danguolė akajikokota hadi mlangoni, tayari kavaa koti la sufu na skafu ya mauamaua. Akakaa kwenye kigoda.

"Kaeni."

Kwao hakuna aendaye safari ya mbali bila kwanza kukaa kimya kidogo. Vilmantė alijua mama hafanyi mzaha na jambo hilo. Wakakaa wote watatu, mpaka Danguolė alipomnyooshea Zurab mikono abebwe.