Joho Lililobaki Kambani

Kila asubuhi ya safari, kikundi cha maigizo cha kanisa kilikuwa na desturi yake. Kabla basi halijawashwa, Mwalimu wa kwaya alisimama mlangoni akaita vifaa, na aliyekabidhiwa kifaa akajibu.

"Ngoma?"

"Zipo!"

"Vinyago vya nguruwe?"

"Vipo, na vinanuka kama nguruwe wenyewe!"

"Joho la baba?"

"Lipo!" alijibu Kasuku, mdomo umejaa mkate.

Kasuku halikuwa jina lake la ubatizo. Lilimganda kwa sababu binti huyu alijua kujibu hata kabla hajaulizwa. Basi likang'oa nanga kuelekea mji wa pili, ambako jioni wangeigiza habari za mwana mpotevu.

Njiani waliimba mpaka sauti zikakauka. Kasuku akaegemea dirisha. Wakapita nyumba moja yenye nguo zimeanikwa uani, shuka jekundu likipepea. Ndipo akakumbuka: jana alilifua joho akaliacha kambani, nyuma ya kanisa walikolala. Katika sanduku la mavazi hakulitia.

Pembeni yake, kijana aliyeigiza baba, ambaye wote walimwita Babu kwa ajili ya ndevu zake za pamba, alikuwa akijinoa. "Mwanangu amerudi! Leteni joho!" Kisha akamgeukia. "Mbona kimya, Kasuku? Betri zimeisha?"

Kasuku alijichekesha. Babu ndiye aliyelifunga sanduku na kulipakia. Yeye akinyamaza tu, jioni macho yote yatamgeukia Babu. Wazo hilo lilimpa nafuu kidogo, halafu akalionea aibu. Babu mwenyewe alikuwa akimmegea nusu ya chungwa lake.

Basi liliposimama watu wanyooshe miguu, Kasuku alimfuata Mwalimu aliyekuwa akinywa chai.

"Mwalimu, joho halipo."

"Asubuhi si ulisema lipo?"

"Nilijibu bila kutazama. Liko kambani, kule tulikolala."

Mwalimu hakugomba. Aliweka kikombe chini, akampigia simu mama mchungaji aliyewapokea kule. Walizungumza kidogo, kisha akashusha pumzi. "Ameliona. Atakimbia nalo stendi, basi la mchana bado halijaondoka. Tuombe Mungu lisichelewe."

Likachelewa. Jioni ukumbi ulijaa pomoni na mchezo ukaanza bila joho. Mwalimu aliwanong'oneza nguruwe, "Kuleni polepole. Msiondoke jukwaani mpaka niwape ishara."

Kasuku alikuwa nguruwe wa kwanza. Alikoroma, akajikuna, akagombea maganda, akalala, akaamka akagombea tena. Watoto wa mbele walivunjika mbavu. Mwana mpotevu, jasho likimtiririka, alimnong'oneza, "Dada, nitashinda na njaa mpaka lini?"

"Koroma na wewe," alijibu Kasuku.

Hatimaye Mwalimu akainua mkono. Joho lilikuwa limefika, limekunjamana, likinukia sabuni. Babu alipomvisha mwanawe, mama mmoja ukumbini akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Wakati wa kukunja mavazi, Kasuku aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu."

"Nimeshakusamehe. Kujibu bila kutazama ni kosa, na linaweza kumpata yeyote, hata mimi. Lakini ungenyamaza ukijua, hilo ungekuwa umelichagua mwenyewe. Tena ungesubiri tufike, basi la mchana lingekuwa limeshaondoka zamani. Ukweli uliniuma kule njiani, mwanangu, ila ulinipa nafasi ya kutengeneza."

Asubuhi iliyofuata basi lilikuwa tayari kwa safari nyingine.

"Joho la baba?"

Kasuku alikuwa amepiga magoti, akifungua sanduku.

"Kasuku, jibu basi, tutachelewa!" Babu alilalamika.

"Mwache atazame," alisema Mwalimu.

Kasuku alitia mkono, akalishika joho, ndipo akajibu.

"Lipo."