Ukaguzi wa Ukuta wa Kaskazini

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, ukungu ulikuwa umekishukia kijiji cha Studena Reka hata mapaa hayakuonekana. Mvua ilinyesha nyembamba kama unga unaochekechwa, na kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi sita. Injinia Nevena Chavdarova alizima gari, akayaandika hayo yote katika daftari lake kwa utaratibu wake wa siku zote, kisha akashuka kwenda kukagua nyumba ambayo Rufat Kehayov na mkewe Shukrie walitaka kuinunua kabla mtoto wao wa kwanza hajazaliwa.

Mwenye nyumba, Jemal Ustabashiev, mzee wa miaka sabini na minne, mjukuu wa waashi walioijenga, alikuwa amesimama katikati ya lango.

"Leo hapana, injinia," alisema. "Rudi siku ya jua."

"Mzee Jemal, nimeendesha gari saa mbili na nusu kuja hapa."

"Basi unywe kahawa, upumzike, urudi siku ya jua. Nyumba haina miguu, haitakukimbia."

Nevena alicheka, ila kwa mdomo tu. Katika miaka ishirini na sita ya kukagua majengo alikuwa ameshuhudia kabati zikisukumwa mbele ya nyufa, mazulia yakitandikwa juu ya mbao zilizooza, na taa zikidaiwa kuungua asubuhi ileile ya ukaguzi. Wauzaji wote walipenda giza. Aliyeomba mwanga, huyu alikuwa wa kwanza. Na aliyekwisha kuumwa na nyoka, unyasi humshtua.

"Paa nitalitazama siku nyingine," alisema. "Leo nipishe niingie ndani."

Alianza chini, akapanda juu, kama alivyofundishwa. Boriti za mwaloni zilikuwa nzima. Sakafu ilikuwa na mteremko wa kawaida kwa nyumba ya mwaka 1911. Katika chumba cha chini, kwenye ukuta wa kaskazini, alikuta ufa uliosimama wima kutoka msingini hadi darini, upana wake milimita saba. Hapo ndipo aliposikia harufu ya chokaa mbichi, chokaa ya kuchanganywa asubuhi hiyohiyo, katika chumba ambacho kwa rangi ya kuta zake hakikupigwa lipu tangu enzi za babu yake Jemal.

Alipima urefu wa nyumba kwa nje, akapata mita tisa na sentimita themanini na nne. Kwa ndani alipata mita saba na sentimita sitini na mbili. Kuta mbili za mwisho, alizozipima penye madirisha, zilikuwa na unene wa sentimita sabini kila moja. Alijumlisha, akatoa, akarudia. Sentimita themanini na mbili zilikuwa hazipo.

Aligonga ukuta wa kaskazini kwa nyundo yake ndogo, mara tatu. Sauti ilikuwa ya uwazi, kama ya pipa tupu. Kisha, alipokwisha kuishusha nyundo, ukuta uligonga mara ya nne.

"Mabomba," alijiambia. Lakini katika daftari, kwenye safu ya mabomba, alikuwa ameshaandika: hakuna.

Kabla ya kuondoka alibandika viraka vitatu vya jasi juu ya ufa, akaandika tarehe kwenye kila kimoja. Hiyo ndiyo desturi ya kazi: jasi haina mnyumbuko, ufa ukipanuka hata kidogo, kiraka hukatika, na injinia akirudi anajua kwamba nyumba ingali inatembea.

*

Ijumaa, tarehe kumi na saba, jua liliwaka bila wingu, na Jemal alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amenyoa ndevu. Aliwalaki langoni wote watatu, Nevena, Rufat na Shukrie aliyekuwa na mimba ya miezi saba, akawapa kahawa na mkate wa viazi uliokuwa bado moto.

"Miaka kumi na mmoja Ujerumani," alimwambia Rufat akimpapasa tumbo, "na hili ndilo ulilorudi nalo? Mke ana mimba na mume ana mimba!"

"Yangu ni ya bia, mzee," Rufat alijibu. "Haina tarehe ya kujifungua."

Nevena aliwaacha wakicheka, akakagua paa na bomba la moshi. Aliposhuka uani, Jemal alikuwa ametoa uzi mwekundu wa waashi, ule wa kunyooshea safu za mawe, akiuvuta chini kando ya msingi.

"Namsaidia injinia kuona kama ukuta umepinda," alisema. "Simameni palepale, jamani, msinivurugie mstari. Na wewe injinia, tulia hapo kidogo."

Walisimama, migongo kwenye jua. Mzee alipita nyuma yao, akapita mbele yao, akainama, akafunga fundo, akainama tena. Kwa macho ya mtaalamu kazi ile haikuwa na maana, kwani ukuta hupimwa kwa timazi, haupimwi kwa kutambaa mavumbini. Nevena aliona, akaendelea kusimama palepale. Ndiyo adabu tunayowafanyia wazee.

Baadaye alitaka ruhusa ya kutoboa ukuta wa kaskazini. Jemal hakugomba.

"Utatoboa, kwa nini usitoboe? Ila ngoja Novemba iishe. Ufa ule utajifunga wenyewe."

"Nyufa hazijifungi zenyewe, mzee."

"Za kwenu mjini," Jemal alisema, akikunja uzi wake kwa uangalifu mkubwa, "huenda hazijifungi."

Usiku ule Nevena aliwaandikia wateja wake sentensi moja: msitie saini ya mwisho kabla ukuta haujafunguliwa.

*

Alhamisi, tarehe sita Novemba, alirudi kutazama viraka. Hakuna kilichokatika. Vilikuwa vimefanya jambo ambalo hakupata kuliona kazini: vilikuwa vimebinuka na kutokeza nje kama kucha zilizokua vibaya, kwa sababu ufa chini yake ulikuwa umebana. Alipima. Milimita tatu. Mawe ya ukuta mzima, uzito wa tani na tani, yalikuwa yamesukumwa na kurudishwa pamoja, na hapakuwa na jeki wala fundi.

Aliweka sikio ukutani. Alikohoa, kwani kwa wiki mbili sasa alikuwa na kikohozi kikavu na ladha ya chokaa kooni, jambo alilolisingizia vumbi la kinu fulani cha zamani alichokuwa akikikagua, kama alivyozisingizia ngazi maumivu ya mabega. Alipotulia, alisikia kitu upande wa pili wa mawe kikitulia pia, kama mtu anayebana pumzi ili asisikike. Halafu kikakohoa, taratibu, kikohozi kikavu.

Alitoka nje bila kufunga mlango. Hakukimbia, lakini hatua alizihesabu baadaye: tisa, mahali ambapo alipoingia alikuwa amepiga kumi na nne.

Jioni Shukrie alimpigia simu.

"Mama injinia, samahani kukusumbua," alinong'ona. "Tangu siku ile ya jua silali. Mgongo unaniuma, tumbo linakaza. Mama mkwe ananiuliza, yule mzee alikupima? Nikamwambia, kunipima nini? Akaanza kulia. Hasemi. Analia tu."

Nevena alitaka kumwambia kwamba mimba ya mwezi wa nane ndivyo ilivyo. Badala yake alijisikia akiuliza, "Mna mtu wa kumwuliza mambo hayo?"

*

Mtu huyo alikuwa hoja Sabri, kwani hoja ndivyo huko wanavyomwita mwalimu wa dini, mjomba wake Rufat, imamu wa kijiji cha ng'ambo na mfugaji wa nyuki, aliyekuja na koti linalonuka moshi wa mizinga. Alizisoma tarehe za Nevena moja baada ya nyingine, akazihesabu kwa vidole, na kwenye tarehe kumi na saba akasimama.

"Mafundi wa zamani wa milima hii," alisema kwa sauti ya chini, "hawakuamini jengo lisilo na mtu wa kulibeba. Kumzika mtu ukutani hawakuthubutu, sultani angewanyonga. Basi walikuwa wakimvizia mtu juani, wanakipima kivuli chake kwa uzi, uzi wanaufungia ukutani. Siku ya arobaini mwenye kivuli anakufa. Anakuwa talasamu, jini wa jengo, anaishika nyumba isianguke. Lakini naye huchoka. Mia moja na kumi na nne ni miaka mingi ya kusimama, injinia. Akichoka, ukuta unafunguka. Anataka wa kumpokea."

"Mjomba, tuko karne gani?" Rufat alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshika wa mkewe, na haukuachia.

"Karne waulize waliokwenda Ujerumani. Mimi nawaambia siku. Leo ni ya thelathini na tisa."

Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na nne Novemba. Mkataba wa awali, kifungu cha tisa, ulimruhusu mnunuzi kufungua sehemu yoyote ya jengo kwa uchunguzi, na Nevena alikishika kifungu hicho mbele ya uso wa Jemal kama mtu anavyoshika taa mbele ya mbwa.

"Mkikitoa kivuli, nyumba itaanguka!" mzee alipiga kelele uani. "Bibi yangu yumo mle! Shangazi wa baba yangu! Msichana wa miaka kumi na saba alikuja kuwaletea waashi maji! Hamwoni amechoka?"

"Na wewe ukamtafutia mwanamke mwenye mimba," Rufat alisema. "Mbwa wee!"

Jemal alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwenye mimba? Mimi si mnyama, mwanangu."

Hakuna aliyemsikiliza. Nevena alianza kuchokonoa chokaa kuzunguka jiwe la tatu kutoka sakafuni, na hoja alianza kusoma dua kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kadiri patasi ilivyoingia ndivyo harufu ilivyozidi, kwanza chokaa, kisha chokaa na jasho, kisha pumzi, pumzi ya mtu aliyefunga kinywa muda mrefu, mpaka jiwe lilipolegea na likawa halivutwi tena na Nevena bali linasukumwa kutoka ndani, pole, kwa heshima, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, na likaanguka, na taa yake ikaingia katika zile sentimita themanini na mbili zilizokosekana, ikaonyesha ukuta wa ndani uliolainishwa na mgongo wa mtu, mabega mawili yakiwa yamechimba mawe mpaka yakang'aa kama ngazi za msikiti, na kwenye chokaa, juu, alama za viganja viwili vidogo vilivyokuwa vikiinua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na msumari. Kwenye msumari ulining'inia uzi mkongwe, mweusi, ambao kwa kuguswa na hewa tu ulimomonyoka ukawa vumbi. Na juu yake uzi mwekundu, mpya, uliopenyezwa kupitia ufa, uliolowa.

Nyumba yote juu yao ililia, boriti kwa boriti.

"Usiguse mafundo," hoja Sabri alinong'ona. "Uzi unafunguliwa na mmoja tu, mwenye kivuli mwenyewe, kwa mkono wake. Mwingine akifungua fundo, amemkabidhi mwenye kivuli kwa ukuta."

"Nipeni mimi," Shukrie alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, licha ya kukatazwa na kila mtu. Machozi yalimtoka lakini sauti ilikuwa imara. "Ni mimi. Mtoto anajua ni mimi. Nipeni."

"Shukrie, subiri," Nevena alisema.

"Nisubiri nini, mama injinia? Kesho?"

"Dakika tano. Kama si wako, ukiugusa umeua mtu."

Aliutandaza uzi sakafuni kwa ncha ya patasi, bila kugusa fundo, akaupima kutoka fundo hadi fundo. Mita mbili na sentimita tano. Kisha akafungua daftari penye tarehe kumi na saba Oktoba. Siku ile, ili apate urefu wa bomba la moshi bila kupanda, alikuwa amesimamisha fimbo ya mita moja juani, saa saba na dakika saba mchana, Jemal akiwa bado anatambaa na uzi wake, na kivuli cha fimbo kilikuwa mita moja na sentimita ishirini na tatu. Kilichobaki ili kupata kimo cha mwenye kivuli kilikuwa hesabu ya kugawanya uzi kwa kivuli cha fimbo, ambayo mtoto wa shule angeiweza. Aliifanya kwa penseli. Aliirudia. Vumbi la chokaa lilimwangukia ukurasani, naye hakulipuliza.

"Simama hapa kwenye mwimo wa mlango," alimwambia Shukrie. "Vua viatu."

Mita moja na hamsini na nane.

"Si wewe."

Shukrie alifunika uso. Rufat alisimama bila kuambiwa. Mita moja na themanini na nne.

"Si wewe pia."

Kikohozi kikavu kilisikika. Hakuna aliyejua kama kilitoka tunduni au wapi. Uani, Jemal alikuwa amevua kofia yake, akiishika kwa mikono miwili mbele ya kifua kama anavyofanya mtu langoni pa makaburi, na hakumtazama Shukrie wala Rufat.

"Siku ile tulikuwa watatu tu," Shukrie alisema polepole.

Nevena alikijua kimo chake, kama kila mtu anavyokijua. Kiliandikwa hata kwenye kitambulisho chake. Lakini tangu chuoni hakupata kuikubali tarakimu ambayo haikupimwa mbele yake, na hakuona sababu ya kuanza leo. Alivua viatu, akavipanga pembeni, akaegemeza mgongo kwenye mwimo. Alimpa Shukrie utepe na penseli.

"Soma kwa sauti," alisema. "Usikadirie."

Alama ya kwanza ya Shukrie ilipinda, akaifuta. Aliweka ya pili. Aliinama, akaufuata utepe kutoka sakafuni hadi kwenye mstari wa penseli, akautazama mstari wa mwisho wa daftari lililokuwa wazi miguuni pao, penye kimo kilichotoka kwenye uzi, akautazama tena utepe.

"Mita moja," alisoma, "na sentimita sitini na saba."