Moyo wa Bedan Haukusikika

Mtoto alikuwa hai, ameketi juu ya meza ya kupimia anatafuna ndizi, lakini Ndila, muuguzi mpya, alipomwekea mpira wa kusikilizia kifuani hakusikia kitu. Akausogeza. Kimya. Kisha mtu akavuta pumzi, taratibu, humo ndani ya mpira.

"Daktari," akanong'ona, "njoo."

Daktari Himatlal alikuwa ametibu mioyo ya watoto hapo Thika kwa miaka thelathini kasoro. Alisikiliza, uso ukampauka. "Mimi pia hapana sikia."

Njambi, aliyekuwa muuguzi wake kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akichemsha sindano kando ya dirisha. Alijua kwa nini. Miaka yote hiyo alikuwa amefua, amefunga vidonda, amebeba watoto, na Daktari hakumpa ule mpira hata siku moja. Ndila alikuja Januari hiyo ya 1956. Wiki ya pili akavishwa mpira huo. Jumamosi iliyopita, akiwa peke yake, Njambi aliuvaa, akaweka kikombe cha mpira mdomoni na kusema kwa uchungu, "Laiti Ndila asingesikia kitu tena." Sauti ya kike ikamjibu masikioni, "Haya."

Sasa chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Nipe mimi," Njambi akasema.

Moyo wa Bedan ukamjia waziwazi, ukienda mbio na kufoka kama birika, na nyuma yake ile sauti ikambembeleza kwamba kuanzia leo wote watakuja kwake yeye, mama kwa mama, kutoka Ruiru hadi Kiganjo, na Ndila atarudi kwao Machakos mikono mitupu, ila mtoto huyu mmoja Njambi aiachie sauti hiyo, huyu mmoja tu.

"Sista, unasikia nini?" akauliza Wamboi, mama mtoto, aliyembeba mgongoni tangu Mugutha. Wote walimtazama Njambi. Hawakuwahi kumtazama hivyo. Ilikuwa tamu.

Ndizi ikaanguka. Midomo ya Bedan ilikuwa ya buluu.

"Ni mimi," Njambi akalia. "Daktari, mimi ndiye niliyeliita hili shetani."

Wakamkimbilia bibi mmoja jirani, Mwislamu wa Majengo aliyezoea kuwasomea Kurani wenye mashetani, wakaja naye. Alinusa hewa, akamshika Njambi mkono. "Mimi nitasoma, mwanangu, lakini aliyelikaribisha ndiye alitoe. Mpe mwenzio mpira huo kwa mkono wako."

Bibi akasoma. Vidole vya Njambi vilikataa kufunguka; akavibandua kimoja kimoja.

"Chukua, Ndila. Kazi hii unaiweza."

Ukelele ukapita kichwani mwa kila mtu, kioo cha dirisha kikapasuka.

"Unapiga!" Ndila akapaza sauti. "Daktari, nausikia! Na mapafu yamejaa maji!"

Sindano ikachomwa. Kabla ya saa sita midomo ya mtoto ilirudia rangi yake. Wamboi akamwangukia Ndila shingoni, akimwita mwokozi wa mwanawe, na Daktari akamshika Ndila bega, macho yamemlowa.

Njambi alikuwa amepiga magoti, akiokota vioo. Hakuna aliyemtazama. Karibu na sikio lake, polepole, mtu akavuta pumzi.

Hakumwambia bibi.