Bomba la Mzee Mayala

Bomba liligonga huku moto umezimwa, na hapo ndipo maelezo ya Lukresia yalipoishia.

Moto ukiwaka alikuwa na jibu. Marehemu baba mkwe wake, Mzee Mayala, aliunda boila la vyuma chakavu, akalichochea kwa pumba za mpunga. Mvuke ulipita kwenye bomba, ukutani mwa chumba cha kulala, kwenda kupasha joto banda la vifaranga. Maji yakituama ndani, mvuke uliyasukuma yakagonga chuma: ngo! Lukresia, msomi wa uhandisi, aliinua bomba upande mmoja kwa tofali. Kimya.

"Jini lenu hilo, mayu," alimwambia mama mkwe wake, Kabula. "Maji."

"Na mtoto? Naye ana maji?"

Mwanawe, Method, hakuwa akinyonya vizuri tangu babu yake azikwe. Alilia, akakonda, hospitalini Bariadi hawakuona ugonjwa.

"Anadai jina la babu yake," Kabula alisema.

"Ana jina. Na cheti kimeshatoka."

Sasa ilikuwa mchana, jua linapasua bati. Lukresia aliweka kiganja kwenye bomba. Baridi.

Ngo. Ngo-ngo.

"Mzee alikuwa akigonga hivyo kwa spana," Kabula alinong'ona mlangoni. "Akitaka uji."

"Mayu, usiniambie."

"Nisipokwambia mimi, atakwambia yeye."

Harufu ya tumbaku ya mzee ikajaa chumbani, na ule mlio wa kugonga ukatambaa ukutani, taratibu, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta mlango, ukapita kabati, ukapita dirisha, ukafika usawa wa kitanda cha mtoto, na hapo kilio cha Method kikakatika, macho yakageuka meupe, na Lukresia, na digrii yake yote, akalikumbatia lile bomba akapiga kelele:

"Mayala! Njoo, Mayala, jina chukua, niachie mwanangu!"

Kimya. Mtoto akavuta pumzi. Lukresia akampakata, naye akanyonya kwa pupa. Lukresia akacheka huku analia.

Kabula hakucheka.

"Jina tunamnong'oneza mtoto sikioni, mwanangu. Wewe umemwita mwenye jina aje."

Lukresia alimlaza mtoto, aliyeshiba, akitazama dari bila kupepesa. Kingumi kidogo kikainuka, kikashukia chuma cha kitanda.

Ngo. Ngo-ngo.

"Naam, baba," Kabula aliitika, akaenda kubandika uji.